Barua ya Chifu na Njia ya Mahakamani: Vyombo vya Haki Ukambani

Serikali ya Kenya inapotaka kupeleka huduma za haki mashinani, hupitia kwanza ofisi ya chifu. Hakimu anayetaka kuzungumza na wananchi, ofisa wa msaada wa kisheria, ofisa wa probesheni, mwakilishi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma: kila mmoja humwomba chifu aitishe baraza, na baraza likaitishwa. Utaratibu huu umezoeleka mno Ukambani hata hakuna anayeuliza kama kuna mwingine. Kwa mambo mengi unafaa. Kwa watu ambao huduma hizo zimekusudiwa hasa kuwafikia, wakiwemo wajane, wake wa iweto (walioolewa kimila na mwanamke mwenzao), mabinti walionyimwa urithi na jamii ndogo zinazoishi katikati ya jamii kubwa, utaratibu huo huo ndio kizuizi, kwa kuwa ugomvi wao mara nyingi hupitia mezani pa chifu huyo huyo kabla ya kufika popote pengine.

Mukuyuni, kwa mfano, ni soko katika eneo la Kaiti, Kaunti ya Makueni. Mwenye shauri hapo hutazama ama Wote, makao makuu ya kaunti, ama Mahakama ya Kilungu iliyoko Nunguni milimani. Makueni ina mahakama nyingine za hakimu Makindu na Tawa. Ng'ambo ya Mto Athi, unaoitenganisha Makueni na Kaunti ya Kitui, Kitui ina mahakama katika mji wa Kitui, Mwingi, Kyuso na Mutomo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Makueni ni ya kilomita za mraba 8,000 hivi. Kitui inapita kidogo 30,000. Kwa hiyo watu wanaokaribiana kwa idadi wametawanyika Kitui katika eneo lililo karibu mara nne ya Makueni, na mkazi wa Ikutha au Tseikuru anapopewa tarehe ya kesi hupewa pamoja nayo gharama ya nauli, chakula na pengine malazi. Kesi ikiahirishwa mara tatu, aliye na haki anaweza kuiacha kwa sababu ya nauli peke yake.

Ahadi ya kisheria ni pana. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na ada inayotozwa isiwe kikwazo. Ibara ya 159 inaziagiza mahakama zikuze upatanishi, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ikarithi kazi ya mradi wa majaribio ulioanza 2008. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 iliunda baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, na chini yake zikaja kamati za watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi, mwendesha mashtaka, ofisa wa watoto, mawakili na wawakilishi wa wananchi hukaa meza moja. Kasi ya mabadiliko hayo ilitiwa na Jaji Mkuu Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, aliyeongoza Idara ya Mahakama kuanzia 2011 hadi 2016. Jaji Mkuu Martha Koome naye ameweka upatikanaji wa haki kuwa kiini cha mpango wa Idara hiyo wa 2023 hadi 2033. Hakuna upungufu wa sheria wala wa mipango.

Tatizo lina mizizi ya zamani kuliko katiba. Kabla ya ukoloni Wakamba hawakuwa na machifu. Mashauri yalikatwa na nzama, baraza la atumia, yaani wazee waliopanda daraja kwa umri na kwa ada walizolipa, kila utui, yaani mtaa, ukiwa na wazee wake. Penye ushahidi uliogongana paliapwa kithitu, kiapo ambacho mtu asiye na hakika na neno lake hakukigusa. Kosa lililohesabiwa kuwa hatari kwa jamii nzima, kama wizi wa kurudiarudia au uchawi, lingeweza kuishia kwenye king'ole, adhabu ya kifo iliyotekelezwa na watu kwa pamoja baada ya ukoo wa mshtakiwa kukubali. Machifu walikuja na serikali ya Mwingereza, kuanzia na amri ya 1902 ya kuteua wakuu wa vijiji, na tangu siku hiyo chifu alikuwa mtu wa serikali aliyepewa kazi ya kuhukumu, kukusanya kodi na kuita watu kwa lazima.

Mgongano wa mifumo hiyo miwili ulionekana wazi 1932, pale mahakama ya kikoloni ilipowahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumpiga hadi kumuua mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi. Kwa sheria ya Kiingereza hayo yalikuwa mauaji ya kukusudia. Washtakiwa wao hawakuficha walichofanya. Machoni pao walikuwa wametekeleza hukumu. Adhabu ya kifo haikutekelezwa, ilipunguzwa. Serikali haikujifunza kwamba sheria yake haikuwa imeeleweka vijijini. Ilichojifunza ni kutumia zaidi wazee na machifu kama daraja, na hata kuruhusu kithitu kiapwe chini ya macho ya maofisa wake. Mwanamke aliyeuawa, na wanawake wengine waliokuwa wakishukiwa kama yeye, hawakuingia katika hesabu hiyo.

Mahakama za wenyeji, zilizopangwa upya kwa amri za 1930 na 1951, ziliunganishwa na mahakama za kawaida kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967. Wazee wakarudi tena 1990, safari hii kwa jina la mabaraza ya migogoro ya ardhi. Sheria ya mwaka huo iliwapa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya mipaka, ya kugawana ardhi inayomilikiwa kwa pamoja na ya kuingilia shamba la mtu. Uamuzi wao ulipelekwa kwa hakimu ukawa hukumu ya mahakama. Mashauri yalisikizwa karibu na shamba, kwa Kikamba, bila wakili. Kwa muda fulani hii ilikuwa ndiyo huduma ya haki iliyowafikia watu wengi zaidi kuliko kampeni yoyote ya uhamasishaji. Ila mabaraza hayo hayakuwa na mamlaka juu ya hati miliki, na wazee waligusa hati mara kwa mara. Mahakama Kuu ikabatilisha maamuzi mengi, na aliyeshinda kijijini akajikuta ameshindwa mjini, kwa kanuni ambayo hakuna aliyemweleza. Mabaraza yalifutwa 2011, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoanzishwa. Kilichofutwa ni ukaribu pamoja na kasoro zake. Kilichowekwa badala yake kilikuwa bora kisheria na mbali zaidi kwa miguu.

Mirathi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi uzito wa mlango wa chifu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haibagui mwana na binti, wala haikuziacha Kitui na Makueni nje. Wilaya zilizoondolewa kwa ardhi ya kilimo na mifugo zilikuwa za wafugaji, kama Turkana, Wajir na Narok. Kwa hiyo binti aliyeolewa wa Mukuyuni ana haki katika shamba la baba yake sawa na kaka zake, na Ibara ya 60 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Lakini anayefungua shauri la mirathi hutakiwa kwa desturi ya mahakama kuja na barua ya chifu inayowataja warithi wa marehemu. Barua hiyo si hukumu. Hata hivyo, faili yote hujengwa juu yake. Jina lisipokuwamo, mwenye jina lazima ajue kwamba shauri limefunguliwa, asome tangazo katika Gazeti Rasmi la serikali, na apinge ndani ya siku 30. Ni wangapi mashambani wanaosoma Gazeti Rasmi?

Chifu hahitaji kuwa mwovu ili jina liachwe. Huandika anachoelezwa na ukoo, na ukoo husema kupitia wanaume. Mke wa pili ambaye mbuzi wa ntheo, wanaothibitisha ndoa kimila, hawakupelekwa kwao huhesabiwa kuwa hakuolewa. Binti aliyezaa nyumbani huambiwa watoto wake ni wageni. Hali ngumu kuliko zote ni ya mke wa iweto, yaani mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenziwe asiye na mtoto ili amzalie nyumba yake warithi. Wakamba wanaijua ndoa hii na ada zake, na mahakama zimewahi kuitambua katika mashauri ya mirathi. Ila Katiba, na baada yake Sheria ya Ndoa ya 2014, zinaieleza ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, hivyo mke wa iweto hawezi kuisajili ndoa yake kama ndoa nyingine za kimila. Cheti hana. Tegemeo lake ni ushahidi wa wazee, na barua. Shemeji zake wakifika kwa chifu kabla yake, ameshachelewa.

Sasa mtu wa aina hiyo anapoalikwa kwenye baraza la kufundishwa haki zake, anakuta nani? Chifu ndiye mwenyekiti. Wazee wa kijiji, ambao baadhi yao walikaa kikao cha ukoo kilichomwacha nje, wako mstari wa mbele. Mgeni kutoka mjini anaeleza vifungu, anauliza kama kuna maswali, na wanaouliza ni wanaume wenye mashauri ya mipaka. Hakuna aliyemzuia mjane kuinuka, na hainuki. Ripoti ya shughuli hiyo itataja idadi ya waliohudhuria, na itakuwa kweli.

Kipimo cha kuhukumu shughuli za namna hii kimetoka Ukambani kwenyewe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Machakos, ikiketi na majaji watatu, iliamua mashauri ya wakazi wa bonde la Mui, Kitui, waliopinga jinsi mradi wa makaa ya mawe ulivyoendeshwa. Wakazi hawakufanikiwa katika madai yao makuu. Hata hivyo, hukumu hiyo imekuwa rejeleo la nchi nzima kuhusu ushirikishwaji wa umma. Majaji walisema taasisi ya serikali ina uhuru wa kuchagua namna ya kuwashirikisha watu, mradi njia hiyo iendane na jambo lenyewe. Watu wapewe habari wanazohitaji. Maoni yazingatiwe kwa dhati ingawa si lazima yote yakubaliwe. Na ujumuishaji uwe wa makusudi. Neno hilo la mwisho ndilo zito. Kutangaza baraza na kuliacha wazi kwa wote si ujumuishaji wa makusudi. Taasisi inatakiwa ijiulize mapema ni nani hatakuja, kisha imfuate. Kwa kipimo hiki, vyombo vya haki ambavyo vingewabana wengine vikipelekewa kesi ya ushirikishwaji duni, vyenyewe mara nyingi vingeanguka.

Wasiokuja si wanawake peke yao. Kaskazini ya Kitui, katika eneo la Mwingi Kaskazini, kuna wadi inayoitwa Tharaka, ya Watharaka ambao lugha yao iko karibu na Kimeru kuliko Kikamba. Kwa takwimu za kaunti wao ni Kitui tu. Huduma inayoandaliwa kwa Kikamba, na redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM zinazotumika sana kutangaza huduma za serikali, haziwapati wao kama zinavyowapata jirani zao. Mashariki, kwenye mpaka wa Tana River, wafugaji wa ngamia wanaoingia na mifugo yao wakati wa kiangazi hujulikana na vyombo vya haki kama washtakiwa wa kuingilia ardhi au kama walalamikaji wa mifugo iliyojeruhiwa. Hawana chifu wa kwao huko, na mkulima aliyeharibiwa pojo zake na wao hana pa kuwashtaki wakishavuka mpaka. Viziwi nao wana ahadi ya Katiba kuhusu lugha ya ishara, na baraza la wazi chini ya mti halina mkalimani.

Lugha inastahili kutazamwa zaidi. Sheria ya mwenendo wa mashtaka inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Hiyo ni haki ya mshtakiwa wa jinai. Mjane anayepinga mirathi hakutajwa hapo. Humtegemea karani wa mahakama atafsiri, na makarani wengi huifanya kazi hiyo vizuri, katikati ya kazi nyingine tano. Hukumu inapotoka imeandikwa kwa Kiingereza. Mtu anaweza kushinda kesi na asijue ameshinda nini hasa, mpaka mtoto wa shule amsomee.

Mageuzi yaliyosifiwa zaidi miaka ya karibuni hayajagusa kiini cha mashauri ya Ukambani. Mahakama za madai madogo, zilizoanza Nairobi 2021 na kuenea miji mingine, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka ziyamalize kwa siku 60. Mkulima wa embe wa Makueni ambaye dalali amechukua matunda yake bila kumlipa anaweza kunufaika sana, bila wakili, akiifikia. Lakini sheria yenyewe imeondoa migogoro ya hati na umiliki wa ardhi katika mamlaka ya mahakama hizo, na mirathi haimo pia. Shamba ndilo linalowapeleka watu wa Kaiti na wa Mutomo mahakamani.

Kwenye ardhi ambayo bado inapimwa na kugawiwa, saa huenda mbio zaidi. Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968 humpa asiyeridhika na rejista siku 60 za kupinga, kisha, akishindwa, siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri, rufaa ambayo kwa kawaida husikilizwa na maofisa wa utawala. Wakati kazi hiyo inaendelea, hakuna anayeweza kwenda mahakamani bila idhini ya ofisa wa uamuzi wa ardhi. Familia nyingi za Kitui na Makueni zimepoteza vipande vya ardhi katika hatua hii, si kwa kukosa haki bali kwa kupitwa na siku. Ofisa wa msaada wa kisheria anayefika sehemu inayopimwa ndani ya siku hizo 60 anaweza kuokoa mashamba mengi kwa wiki moja. Akifika mwaka unaofuata kuhubiri haki za ardhi, ataeleza kwa ufasaha jinsi watu walivyochelewa. Mpango wa kuwafikia wananchi ungepaswa kufuata ratiba ya wapima ardhi. Kwa kawaida hufuata kalenda ya bajeti na wiki za maadhimisho.

Sera ya haki mbadala, iliyozinduliwa na Jaji Mkuu David Maraga mwezi wa Agosti 2020 baada ya kazi ya kikosi kilichoongozwa na Jaji Joel Ngugi, inajaribu kurudisha wazee katika mfumo bila kurudia makosa ya 1990. Inatambua kwamba mashauri mengi ya Wakenya humalizwa nje ya mahakama, na inataka vikao hivyo viheshimu Katiba. Kwa Ukambani faida yake ni kubwa: kikao cha wazee kinaweza kumaliza kwa siku moja mgogoro wa mpaka ambao mahakama ingeukalia miaka, na mapatano yakaandikwa na kupelekwa mahakamani. Hatari yake nayo haijabadilika tangu enzi za nzama, kwamba atumia ni wanaume, na wakiachwa peke yao huamua kwa jicho la ukoo. Ibara ya 159 imeweka mpaka: mila isiyolingana na haki za binadamu haikubaliki. Mpaka huo unahitaji mtu wa kuulinda pale kikao kinapokaa. Mimba ya msichana wa shule inapomalizwa kwa mbuzi na ahadi ya kulea, wazee wameingilia kosa ambalo Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haiwapi nafasi ya kulisamehe. Kulisimamisha shauri kama hilo si juu ya familia. Mafunzo ya wazee yasiyoanza na jambo hili huwapa muhuri wa serikali tu.

Tarehe 11 Machi 2024 Idara ya Mahakama ilieneza ufunguzi wa kesi kwa mtandao nchi nzima. Ulaghai wa faili kupotea umepungukiwa na pa kujificha, na wakili wa Wote hahitaji tena kwenda Machakos kwa ajili ya karatasi. Asiye na wakili huenda saiba, duka la intaneti, ambako kijana wa hapo humfungulia akaunti kwa namba ya simu ya kijana mwenyewe na kumjazia fomu asizozielewa wote wawili. Taarifa za tarehe huja katika simu ambayo si ya mwenye kesi. Mlango wa chifu umeongezewa mwingine, wa saiba, na mwenye huo wa pili hana hata mkubwa wa kupelekewa malalamiko dhidi yake.

Njia ya kuizunguka milango hiyo tayari imo katika sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria inawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, waliofunzwa na kusajiliwa, wanaofanya kazi chini ya usimamizi. Msaidizi mmoja mwanamke anayekaa sokoni Mukuyuni siku ya soko, asiyeripoti kwa chifu, mwenye uwezo wa kumsaidia mjane kuandika pingamizi na kulifikisha Nunguni, hufanya kile ambacho mabaraza kumi hayafanyi. Kamati ya watumiaji wa mahakama inaweza kuamua kwamba barua ya chifu ya mirathi isipokelewe bila kiapo cha mjane au cha mabinti kwamba wameiona, na hakimu, kwa mamlaka yake ya kudai ushahidi zaidi, akautekeleza uamuzi huo kuanzia wiki hiyo bila kusubiri Bunge. Nakala ya barua hiyo ikibandikwa katika ofisi ya chifu, kanisani na sokoni kwa siku 30 zile zile za Gazeti Rasmi, walioachwa nje wangepata kujua shauri lipo wakati pingamizi bado lina maana. Gharama yake ni karatasi na gundi. Kinachokosekana ni agizo, na wa kulitoa ni wale wale ambao sasa hutuma maofisa wao kuhutubia.